Sita Nzuri

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikupe kwa ufupi. Mimi ni Dalila, Mtanga, mfanyabiashara wa Guangzhou mwaka wa tisa huu. Kontena langu la jinzi kutoka Xintang lilifika Dar limelowa, nguo zimeota ukungu hadi mifukoni. Mume wangu Abdulhadi niliyemtuma bandarini akauza zile zilizopona, kisha akaoa.

Nikabaki na mdogo wangu Sufian, beki. Nilimshawishi mimi mwenyewe aache timu yake nyumbani aje majaribio huku, kwenye klabu ya daraja la pili. Ana miaka ishirini na tisa na goti lenye historia. Akikosa timu msimu huu, ndiyo basi, hakuna atakayemtaka tena.

Sasa leo nawasimulia nilivyomponza na yeye. Chai kama unayo, inywe kabla hujaendelea.

Hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika wa Guangzhou, watu walikuwa wakiniita Mganga. Wala si kwa hirizi. Misimu miwili mfululizo nilitabiri ni wageni gani watabaki kwenye timu ile siku ya mchujo wa mwisho, na nani watafungishwa virago, na sikukosea hata mmoja.

Wanaume walikuwa wanakaa mgahawani barabara ya Huanshi Zhonglu wakibishana hadi mate yanaruka. Huyu ana kasi, yule ana mguu wa kushoto. Wakishachoka wanakuja kuniuliza mimi, mwanamke nisiyejua kuotea ni mdudu gani.

Siri yangu niliificha kama dhahabu. Leo naitoa, maana haina kazi tena.

Jezi za klabu ile zinachapwa kwa bwana Huang, nyuma ya masoko ya Liuhua, kwenye mashine ileile inayochapa jezi zangu za kupeleka Kariakoo. Kocha anaweza kumchekea kila mtu mazoezini. Lakini hakuna bosi anayegharamia kuchapa jina la mtu anayemfukuza. Basi wenzangu walikuwa wanaangalia mazoezi, mimi naangalia mashine.

Msimu huu ilibaki nafasi moja tu ya mchezaji mgeni, na watu wawili wanaiwania. Wa kwanza Sufian, jezi namba sita tangu siku ya kwanza ya majaribio. Wa pili Abass, kiungo kutoka Unguja, jezi namba ishirini na moja, aliyekuwa na mwezi mmoja tu tangu afike, akiwa hajui hata kuomba maji kwa Kichina.

Ningependa kuwaambia Abass alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa mtu safi. Siku za mapumziko wote wawili walikuja kwangu, wakala sahani moja, na Abass ndiye aliyeosha vyombo huku mdogo wangu amejinyoosha kwenye kochi kama sultani.

Jumatano akaja Sammy, wakala wao, Mkenya. Alitukuta mgahawani na hakuagiza hata soda.

"Niko na nafasi moja Oman," alisema. "Ni team ndogo, pesa si mob, lakini ni ball. Mwenye ataachwa hapa, asign leo leo. Kesho jina linaingia na dirisha lao linafungwa."

"Na atakayebaki hapa?" Sufian aliuliza.

"Huyo amewin. Lakini nisikizeni poa. Jina likishaenda Oman halibadilishwi. Mwenyewe asipofika, hiyo nafasi imekufa, siwezi peleka mwingine."

"Kocha kasemaje lakini?"

"Kocha anacheka na kila mtu, bro. Mchina hawezi kukuambia hapana kwa uso. Atakuambia tutaona, tutaona, mpaka ujipate kwa ndege."

Meza nzima ikageuka kuniangalia mimi.

"Dada," Sufian akasema, "nenda kaangalie."

Abass akaweka mkono kifuani. "Da Dalila, mie utakalosema ntalikubali. Wallahi sitokuwa na neno."

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angesema, jamani, mimi najua kununua fulana tu, mtafuteni meneja wa timu mumuulize. Mimi nilichukua mkoba nikaondoka kichwa juu. Sifa mbaya jamani, sifa zinaua.

Kwa Huang nilikuta mashine inafuka mvuke. Juu ya meza imelazwa jezi moja ya nyumbani, mpya, na Huang anabandua karatasi mgongoni mwa jezi polepole. Namba sita kubwa, nyeupe. Juu yake jina kwa herufi za Kichina.

Moyo ukaruka.

"Laoban," nikamwita, yaani bosi, ndivyo tunavyowaita wote hapa. Nikaionyesha ile jezi kwa kidole na kukunja uso kama anayeuliza.

Huang akacheka. "Liu hao!" akasema. "Liu hao!"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha ya watu wawili yalipopinda. Mfanyabiashara kama mimi hajui Kichina. Anajua sokoni. Anajua namba zote, anajua bei gani, punguza, sitaki, hakuna, njoo, haraka, na nzuri. Ukimsikia anavyobishana bei Liuhua utadhani kazaliwa hapo, kumbe maneno yake yote yanaenea kwenye kiganja.

"Liu" ni sita. "Hao" ni nzuri. Hata mtoto wa Xiaobei anajua.

Sita, nzuri! Sita yuko vizuri!

Ili nisikosee nikamuuliza tena, na kidole gumba nimekiinua. "Hao?"

"Hao, hao!" akajibu, na yeye gumba juu.

Nikazihesabu zile herufi za jina. Zilikuwa tatu. Nikasema kimoyomoyo, Su, fi, an. Tatu! Haikunipitia akilini kwamba A, ba, si nazo ni tatu.

Nikamuuliza kuhusu ishirini na moja kwa Kichina changu cha namba.

"Meiyou," akasema. Hakuna.

Ningetaka nini zaidi? Nikaipiga picha ile jezi, nikairusha kwenye grupu letu na maneno makubwa: NAMBA SITA AMEBAKI. HONGERA SUFIAN. MGANGA HAKOSEI.

Niliporudi mgahawani walishaanza kugonga meza. Abass alikuwa wa kwanza kumkumbatia mdogo wangu, akamnyanyua juu kabisa. Alipomshusha alikuwa na machozi, akayafuta kwa bega kama mtu anayefuta jasho.

"Haya, Sammy," akasema. "Nipe kalamu."

Nikamshika mkono. "Usijali, Abass. Kila mtu na riziki yake."

Niliyasema hayo kwa mdomo huu huu ninaokulia chakula.

Asubuhi ya pili alipita kwangu kuaga, begi moja mgongoni. Alitoa laini yake ya Kichina kwenye simu akaiacha juu ya friji. "Mpeni Sufian, mie sina kazi nayo tena," akasema. Akamwachia pia soksi mpya za mpira, bado zina karatasi. Ndege yake ilikuwa jioni, lakini ni mtu asiyependa kuchelewa, akaondoka mapema kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun.

Mchana nikapika pilau la sherehe. Sufian aliondoka kwenda kutafuta machungwa na soda, anaimba ngazi nzima. Nikamkaribisha Jovitha, binti wa Bukoba anayesoma udaktari wa falsafa hapa, anayekisoma Kichina kama anasoma gazeti hili. Hana hamu na mpira. Alikuja kwa ajili ya pilau, na kwa haki, maana najua kulipika.

Kabla hajakaa akatoa simu.

"Hongereni, dada Dalila. Nimeiona picha kwenye grupu. Lakini mbona umeandika hongera Sufian?"

"Sasa niandike hongera nani, wewe?"

"Si hii jezi ya Abass?"

Nikacheka. "Mdogo wangu, hiyo ni sita. Abass anavaa ishirini na moja. Kitabu kimekuchosha."

Jovitha hakucheka. Akaikuza picha kwa vidole viwili akaniwekea mbele ya macho.

"Namba siijui. Mimi nasoma jina. Hii ni A. Hii ni ba. Hii ni si. Abasi."

"Soma tena."

"Dada, nimeshasoma."

"Huang mwenyewe aliniambia! Aliniambia liu hao. Sita, nzuri. Na gumba akainua!"

Jovitha akaniangalia kwa huruma, na hakuna kitu nachukia kama kuangaliwa kwa huruma na mtu mwenye njaa ya pilau langu.

"Dada, hao ni nzuri, ndiyo. Lakini hao ni namba vilevile, tofauti ni sauti inavyopanda na kushuka, na sikio letu haliisikii. Liu hao maana yake ni namba sita, basi. Ulimuuliza hii nini, akakujibu hii namba sita."

"Na alipoinua gumba?"

"Wewe uliinua kwanza. Angefanyaje?"

Nikakaa chini.

"Mpigie," nikamwambia. "Mpigie Huang, muulize kwa Kichina chenu cha darasani."

Akampigia. Waliongea dakika chache tu, mimi namwangalia midomo. Mara akainamisha kichwa. Alipokata simu akaiweka mezani.

"Anasema klabu imemchagua Abass. Meneja wao anaipenda namba sita kwa bahati, akaamuru wampe Abass kwa kuwa mwenye nayo anaondoka."

"Anaondoka nani?"

"Wanamtafuta Abass tangu asubuhi aje asaini. Simu yake haipatikani. Majina yanafungwa saa kumi na moja jioni."

Niliangalia friji. Ile laini ilikuwa palepale juu, kadogo, kama ukucha.

"Na asipopatikana?" nikauliza.

Jovitha akanyanyua macho taratibu.

"Huang anasema klabu imeshamwambia ajiandae. Abass asipotokea, atabandua lile jina, namba sita irudi kwa Sufian. Hawana mgeni mwingine."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Sufuria linatoa harufu ya karafuu nyumba nzima.

"Dada, Abass ana viza ya kuingia mara moja," Jovitha akasema. "Akishagongwa muhuri wa kutoka hawezi kurudi. Mtafute sasa hivi."

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Subiri kidogo, nifikiri."

"Hapa kuna kitu gani cha kufikiri?"

Kilikuwepo, ndugu msomaji, na nitakitaja wazi ili unichukie kwa haki. Abass akirudi, anapata timu ya hapa. Oman hawabadilishi jina, kwa hiyo Sufian hapati Oman wala hapati hapa. Anarudi nyumbani na goti lake. Abass asiporudi, kila mtu ana timu. Abass ana ndogo, mdogo wangu ana kubwa, na kosa langu linageuka kuwa utabiri wa kweli. Mganga hakosei.

Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya saa mbili tu.

"Jovitha," nikasema, "hili ni la ndugu. Tuachie wenyewe."

"Abass naye ana ndugu," akasema. Akasimama lakini hakuondoka. Aliegemea kizingiti cha jikoni, mikono kifuani, kama askari.

Mlango ukafunguka. Sufian na mifuko yake. Alituangalia mmoja mmoja.

"Vipi, kafa nani?"

"Hajafa mtu. Kaa ule."

"Jovitha, mbona umenuna? Au dada kakunyima minofu?"

"Dada yako ana la kukwambia," Jovitha akasema.

"Akishakula," nikamkata.

Sufian akaketi, akaanza kumenya chungwa. Na mimi nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua sahani simu yangu ilipoita juu ya meza, mbele ya wote. Jina la Abass likawaka.

Nisingepokea, wangeniuliza kwa nini. Nikapokea, na kwa kihoro changu vidole vikagusa spika.

"Da Dalila! Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nipo uwanja wa ndege, nimepata intaneti yao ya bure. Samahani kukusumbua. Yule meneja wa timu kanitumia ujumbe wa sauti, makelele matupu nyuma yake. Nimeipa simu itafsiri, inanambia mambo ya maua. Nikasema hapa hapana isipokuwa da Dalila."

"Ujumbe gani?" Sufian akauliza, chungwa mkononi.

"Ah, upo, sheikh! Ngoja nikufungulieni msikie."

Ikaja sauti ya mwanamume anayepiga kelele kwenye upepo. Ilikuwa fupi.

"Abasi! Lai, lai! Kuai lai! Liu hao, Abasi!"

Wapagazi wote wa Liuhua wanapigiwa kelele hiyo kuanzia asubuhi. Lai ni njoo. Kuai lai ni njoo haraka. Na hiyo ya mwisho sasa nilikuwa naijua kuliko nilivyowahi kujua neno lolote la Kichina. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilielewa sentensi nzima, bila kukosa hata moja.

"Umemsikia?" Abass akauliza. "Anasemaje?"

Jovitha akasogea hatua moja. Nikamwinulia kiganja.

Nikamfikiria mama yangu kule Tanga, nikafikiria goti la mdogo wangu linavyovimba usiku, nikamfikiria na Abdulhadi, maana roho yangu ilikuwa imeshadhulumiwa mno na ikaona sasa ni zamu yake kudhulumu.

"Anakuaga," nikasema. "Anakutakia safari njema."

Abass akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyetua mzigo.

"Alhamdulillahi. Waungwana watu hawa. Mie nilipomsikia vile nikadhani labda wananitaka. Tamaa tu, da Dalila. Haya, nashukuru sana. Mungu akulipe."

Mungu akulipe, kasema. Mara nyingi nimeombewa dua, ile sijaisahau.

Nikageuka nimtazame Sufian.

Alikuwa ameacha kumenya. Maganda yananing'inia mkononi, maji ya chungwa yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, wala hafuti. Nilikuwa nimesahau jambo moja, mimi mjuaji. Mdogo wangu amekaa uwanjani na Wachina miezi mitano. Kila siku ya Mungu kocha anamfokea kuai lai, kuai lai. Kwa muda wote huo yeye mwenyewe alikuwa akiitwa liu hao.

Aliniangalia, na macho yangu yakamwambia kila kitu, kwa sababu macho yangu hayajawahi kunisaidia.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Ile jezi ilikuwa na jina la nani?"

Nikageuka kuangalia sufuria.

"Jovitha?"

"Abass," Jovitha akasema.

"Hallo?" ilisema simu. "Da Dalila, bado upo? Mbele yangu wamebaki watu kidogo, nikishafika pale nitazima."

Sufian akaweka chungwa juu ya meza. Akaipangusa mikono kwenye suruali, kulia, kushoto, taratibu, kama anavyofanya kabla ya kupiga mpira wa adhabu. Kisha akaninyang'anya simu.

"Abass, ni mimi. Hebu nambie. Umeshagongwa muhuri wa kutoka, au bado?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Na mimi niliyembeba mgongoni utotoni, nikimjua kwa kila kilio, sikuweza kujua anaomba aambiwe bado, au anaomba aambiwe tayari.